Gari Tulilolikuta Kiamaiko

Mimi huitwa kwenye ununuzi wa watu wengine. Jamaa akitaka mapazia Eastleigh, sofa ya mkono wa pili au mbuzi wa Krismasi, hunichukua nikamshushie bei kwa sababu sina haya. Nikihesabiwa kitu nahesabu tena, na nikihesabu mwenyewe narudia kana kwamba aliyehesabu mara ya kwanza alikuwa mwizi.

Kwa hiyo dada yangu alipotaka gari alikuja kwangu Shauri Moyo, akasema haja yake akiwa bado mlangoni. Ana bucha, hana muda wa kukaa. Mama yetu yuko Ukambani, juu mlimani, na kila mwezi lazima aje kliniki ya moyo hapa Nairobi. Njia ya kwao inakatwa na mto wa mchanga ambao gari dogo haliuvuki, kwa hiyo Mama hushushwa kwa pikipiki hadi kwenye lami. Safari iliyopita walianguka. Mama alisimama akajipangusa akasema hakuumia, lakini dada aliuona mgongo wake ulivyochubuka alipokuwa akimwogesha. Akaapa kwamba habari ya pikipiki imekwisha. Alitaka gari kuukuu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye nafasi nyuma Mama ajinyooshe.

Tuliangalia matatu kwanza. Moja halikuwaka kabisa. La nne tulilikuta Kiamaiko, limeegeshwa nyuma ya soko la mbuzi. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu mnene mwenye fimbo kwapani, akatuambia gari lilikuwa la mzungu mzee aliyekuwa akilitumia kwenda kanisani tu. Nikamwuliza huyo mzungu alikuwa akienda kanisani na mbuzi wangapi, maana ndani mlinuka zizi. Akacheka sana. Nikajua tutaelewana.

Nikashika boneti kwanza. Ilikuwa baridi, maana yake hakuliwasha kabla hatujafika ili kutuficha ubishi wa gari kuwaka likiwa baridi. Likawaka mara moja. Moshi mweusi kidogo, ukaisha. Oili haikuwa na maji, rejeta haikuwa na oili. Tairi za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja. Nati za magurudumu nilizihesabu, nikazirudia, na mara zote mbili moja haikuwepo. Tulipolizungusha kidogo, breki zilikamata, ila gari likaenda kushoto kana kwamba kuna kitu linataka kununua upande ule.

Kwangu kasoro ni punguzo. Nilimtajia tairi, akashusha. Nikamtajia breki, akashusha. Nati nayo akaishushia bei bila hata kukuna kichwa. Kwa mtu wa soko lile, anayeweza kubishana nusu saa juu ya mkia wa mbuzi, upole huo ungenitisha siku nyingine yoyote. Siku ile nilijiona bingwa.

Dada hununua mbuzi soko lile lile, na wanunuzi wa pale hawahangaiki na manyoya wala pembe. Humwekea mnyama kidole gumba mgongoni, juu ya figo, wakabonyeza, na hapo hujua kama ni nyama au ni ngozi iliyovalishwa mifupa. Akaniuliza mgongo wa gari ni upi. Nikamwonyesha chesisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima, vimepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa. Mimi nilikuwa nimeshaipita rangi ile nikaihesabu kuwa kazi nzuri.

Akapiga goti kando ya gurudumu la nyuma, akapitisha mkono taratibu, akabonyeza.

Kidole kikazama.

Nilidhani ni matope. Nikachukua ufunguo, nikachokoa, rangi ikabanduka na kipande cha debe la mafuta ya kupikia kilichozibia shimo, na picha ya alizeti bado ipo. Chini ya debe chuma kilimenyeka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Miaka ya mikojo ya mbuzi ilikuwa imechuruzika humo, ikakaa, ikala. Nikazunguka upande wa pili nikiomba niwe nimekosea. Debe jingine. Nilipoinua macho niliona kile kilichokuwa juu kabisa ya mashimo yale mawili: kiti cha nyuma, kile kirefu.

Mwenye gari hakusogea. "Boss, hiyo ni kutu tu," akasema. "Sema yako ya mwisho, tumalize."

Na Mungu wangu, nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, bei iko kwenye ulimi.

Dada alikuwa bado amepiga goti, akinitazama. "Endelea," akaniambia. "Mwambie apunguze kiasi gani ndiyo Mama akalie debe."



Akainuka, akapangusa mkono kwenye leso, akamgeukia yule bwana bila hasira yoyote. "Ndugu, mama yako ungemketisha wapi humu?"

Yule bwana aliitoa fimbo kwapani, akaitazama, akairudisha. Nilitarajia mzaha.

"Mbele," akasema.

Tulitoka pale bila kuaga. Penye vibanda vya wauza nyasi dada alisimama akampigia Mama, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie. Mama akauliza kama tumepata gari.

"Tulilipata, Mama. Tumeliacha."

Mama akasema basi yule wa pikipiki aambiwe. Dada akajibu kwamba atakwenda kumchukua mwenyewe, wapande wote wawili, yeye nyuma akimshika kiunoni, na penye mchanga watashuka wavuke kwa miguu hata ichukue asubuhi nzima. Mama akasema yule kijana wa pikipiki hulipisha ghali abiria wakiwa wawili. "Si ndugu yako yuko hapo? Azungumze naye apunguze."

"Tutamlipa anachotaka," dada akasema.

Nikatoa pesa mfukoni, nikampa za nauli bila kuzihesabu.