Sahani ya Yona

Alhamisi moja ya Novemba, miaka michache baada ya Mapinduzi, tulimzika kaka yangu Yona. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkarafuu huko Wawi siku moja kabla, akiwa na miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Harufu ya karafuu zilizoanikwa uwanjani iliingia hadi chumba alicholazwa, na hata leo nikiisikia hutafuta kwanza mahali pa kukaa.

Tulikuwa Wakristo wachache katika mtaa wa Waislamu. Wazazi wangu walitoka bara kuja kuchuma karafuu, wakabaki, na kila Jumapili baba aliongoza sala nyumbani kwetu kwa kuwa alijua kusoma. Jumapili ya kabla ya msiba alitusomea habari za nabii Yona, aliyekaa siku tatu tumboni mwa samaki. Akatueleza kwamba yule alikuwa kivuli cha Yesu, aliyelazwa kaburini akatoka siku ya tatu. Mchana, tukichambua karafuu, nilimuuliza kwa nini Mungu alihitaji kumtanguliza mtu mwingine. Akaokota karafuu moja akaiweka kiganjani mwangu.

“Hili ni ua ambalo halijafunguka,” alisema. “Ukijua kulitazama, ua lote limo humu.”

Kaka akacheka. “Ndiyo maana Bi Mkasi hapo jirani ananiita Yunusi. Kila nikitoka kuoga ananiuliza samaki amenitema saa ngapi.”

Kwa hiyo jeneza lake liliposhushwa sikulia. Nilihesabu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jina alikuwa nalo. Sikumwambia mtu. Jiko letu halikuwashwa siku hizo. Bi Mkasi ndiye aliyeleta wali na mchuzi, na kila alipopakua niliweka sahani moja nyuma ya mlango, nikaifunika kwa kawa.

Jumamosi alasiri wanawake walianza kukunja majamvi ili kuondoa matanga. Nikajilaza juu ya moja.

“Msikunje! Bado hajafika!”

“Nani huyo, mwanangu?” aliuliza Bi Mkasi.

“Yunusi wako.”

Mwanamke mmoja akaguna. “Mtoto huyu kachanganyikiwa.”

“Hebu nyamaza wee!” Bi Mkasi alimkemea. “Mwacheni na jamvi lake.”

Wakakunja yote, wakaliacha lile moja.

Sasa ni mimi ninayewafundisha watoto siku ya Jumapili. Habari za Yona na Yesu ninawaeleza vilevile, na karafuu kiganjani, na bado napenda kuwaona wakiisogeza karibu na macho wakitafuta ua. Lakini mtoto akiniuliza kama na sisi tumo katika vivuli hivyo, sina jibu zaidi ya lile alilonipa baba jioni ile, alipokuja kukaa kando yangu jamvini.

“Baba, jina si alikuwa nalo?”

“Alikuwa nalo.”

“Na leo si siku ya tatu?”

“Ni ya tatu. Yona wa kitabuni najua alimtangulia nani. Huyu wetu sijui. Sijui, mwanangu.”

Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akaitoa sahani, akafunua kawa. Wali ulikuwa umekauka pembeni. Tukaula wote wawili mpaka ukaisha. Kisha baba akashika ncha moja ya jamvi, nami nikashika nyingine, tukalikunja.