Nilivyokwenda Kuposa na Gari ya Kifaransa

Naikumbuka Jumapili moja ya Januari, mwanangu, nusura nikose mke kwa sababu ya gari. Usinikunjie uso kwa kukuita mwanangu. Wewe ni mtoto wa dada yangu, na hizi mvi mbili za ndevu nimezipata kihalali. Mama yako kaniambia unataka kuchukua gari ya Kijerumani ukajionyeshe nayo kwa kina yule binti wa Mississauga, mji wa jirani. Kaa hapo. Weka simu chini.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, naishi huku ugenini mtaa wa Dixon, ghorofa ya kumi na moja, na mdomo wangu haukuwa na breki. Mambo ya magari nilijisomea mwenyewe kwenye majarida ya maktaba. Nilikuwa na gari ya Kifaransa, kuukuu, ya enzi zile Wafaransa bado wanauza magari huku. Marehemu baba aliendesha ya aina hiyohiyo Tanga, akatupeleka shule wote sita. Basi mtu akiisema vibaya, kwangu kamsema baba. Kwa kinyozi nilishagombana na nusu ya wateja: magari ya Ulaya yakipewa nafasi, Mmarekani atazitupa funguo zake!

Siku hiyo tunakwenda mtaa wa Weston kumposa Zuhura. Kwa desturi yetu mwenye kuposa haendi, anaongea mshenga. Lakini mshenga wangu, Ba'mdogo Hamisi, hakuwa na leseni ya huku. Ikabidi nimpeleke mwenyewe. Njiani akaniambia, "Leo wewe ni dereva. Dereva hana maoni. Umesikia?"

"Nimesikia, Ba'mdogo."

"Hujasikia. Lakini twende."

Nilitakiwa nibaki garini. Kwa baridi ile! Mama yake Zuhura akachungulia dirishani, akanionea huruma, nikaitwa ndani nikapewa chai karibu na mlango. Ba'mdogo akamwaga maneno yake matamu, mimi kimya kama mzigo. Baba yake Zuhura, Mzee Salum, mtu mpole, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha magari ya Kimarekani. Akauliza kwa adabu tu, "Hiyo gari ya nje ni yenu? Sijaiona aina hiyo siku nyingi."

Hapo ningesema "ndiyo, Mzee" nikanyamaza. Nilisema dakika ishirini. Nikamalizia hivi: "Wamarekani wanatengeneza makabati yenye matairi, Mzee. Magari ya Ulaya yakirudi kwa nguvu, viwanda vya huku vitafungwa vyote."

Sebule ikapoa kuliko nje. Mwaka ule kiwandani kwao walikuwa wanapunguza watu, na Mzee Salum hakujua kama jina lake limo. Zuhura alishaniambia kwenye simu, mara mbili. Nadhani nilikuwa naongea.

"Walishakuja," Mzee akasema taratibu. "Wafaransa, Wataliano. Wakarudi kwao."

"Mbona Wajerumani wapo?" nikadakia. Ba'mdogo akafumba macho.

"Jibu la posa tutawaletea," Mzee akasema, akasimama.

Kwa sauti ile, mwanangu, nilijua nimeshakosa.

Tukatoka. Nikawasha gari. Betri imelala. Nikajaribu tena, wapi! Siku ile gari ilijua kunyamaza kuliko mimi.

Mzee Salum akatoka na ndala juu ya soksi, waya za kubusti betri shingoni, akaisogeza pikapu yake ya Kimarekani pua kwa pua na gari yangu. Na mimi nikajitandaza mbele ya boneti. "Hapana, Mzee. Gari kama ya baba yangu haiamshwi na pikapu ya Kimarekani."

Ba'mdogo akalipuka. "Wewe! Mimi nigande hapa kwa heshima ya Wafaransa? Walikutuma lini? Toka hapo!"

Mzee Salum akauliza tu, "Baba yako alikuwa na fundi?"

"Alikuwa naye. Jirani yetu."

"Na spea?"

"Duka la mtaa wa pili."

"Na wewe huku, fundi wako nani?"

Nikaangalia taa yangu ya nyuma, nimeifunga kwa selotepu.

"Wajerumani walikuja na mafundi na spea zao, ndiyo maana wapo," akasema. "Binti yangu uliulizia kwanza kwao ni nani, ndipo ukaja kumposa. Gari uliichukua bila kuuliza ina ndugu gani hapa." Akanipa waya mwekundu. "Shika."

Nikashika. Ikawaka mara moja. Nikamwomba radhi palepale kwa yale ya viwanda, meno yanagongana.

"Haya ndiyo maneno yako ya kwanza leo niliyoyasikia," akasema.

Jina lake halikuwemo kwa waliopunguzwa kiwandani, alhamdulillahi. Jibu letu lilikuja baada ya wiki sita: ndiyo, kwa sharti moja, bibi harusi apande pikapu. Mimi ndiye niliyeiosha.

Kwa hiyo gari ya Ulaya inaweza kushinda huku? Inaweza, na atakayebisha bado nitagombana naye. Lakini ugenini gari ni kama sisi: inataka watu wake. Uliza kwanza fundi yuko wapi. Na ukiingia nyumba ya watu, jua mwenye nyumba anakula kwa kazi gani kabla hujafungua mdomo. Cha baba yako kipende sana, bila kumvunjia heshima baba wa mwenzako.

Mungu akupe mke atakayekuambia mara mbili, masikio ya kusikia mara ya kwanza, na mkwe mwenye waya. Haya, sasa mpigie huyo binti. Muulize baba yake anafanya kazi gani.