Vyoo vya Balambala

Kompyuta ilipofika ofisini kwetu Garissa ilifunikwa kitambaa kama chapati za moto, sekretari akakabidhiwa apigie barua. Programu ya kuchorea ilikuwamo, haijaguswa na mtu.

Mimi nilikuwa mhandisi wa maji na umeme wa majengo. Niliamua bomba lipite wapi, nikachora kwa penseli, karatasi ikapanda basi kwenda Nairobi. Huko mchoraji ambaye sikuwahi kumwona akaichora upya. Mhandisi hufikiri, mchoraji huchora: mkubwa wangu aliitamka kauli hiyo kama aya.

Kisha ikaja wodi ya wazazi ya Balambala. Nilikwenda kukagua mitaro kabla sakafu haijamwagwa, nikamkuta mama mmoja wa kamati ya zahanati amenitangulia. Alisimama kati ya vigingi vya vyoo.

"Walaal, ndugu yangu, hii choo inaangalia wapi?"

Nilifungua mchoro, damu ikanipanda. Kwetu kibla iko kaskazini, na hakuna mtu atakayejisaidia akiwa ameielekea wala kuipa mgongo. Mimi, mwana wa Garissa, kwa penseli yangu nilikuwa nimevielekeza vyoo mashariki. Mchoraji alikuwa amevigeuza vikaelekea kaskazini ili bomba liwe fupi. Mistari safi kabisa, na huwezi kumlaumu, maana nani alimwambia?

"Mama ametoka kuzaa ataenda kichakani," alisema. "Bora msijenge, wallahi."

Nilirudi ofisini nimefura. Mkubwa wangu hata hakuinua macho.

"Andika maelezo, tuyatume Nairobi."

"Sakafu inamwagwa Jumatatu, mzee. Nitachora mwenyewe."

"Kuchora si kazi yako."

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," nilimjibu. "Huyu ni wangu."

Nikaivua kompyuta kile kitambaa. Sekretari alinifundisha kuiwasha, mengine nilijifunza kwa kukosea. Umeme ulikatika, mchoro ukapotea, nikaanza upya. Ukakatika tena. Nilitukana kwa lugha zote ninazozijua, nikaanza tena, liwalo na liwe.

Na hapo, nikilisogeza bomba kidogo kidogo kwa mkono wangu, nikaona lingepita katikati ya msingi wa chumba cha kujifungulia. Kwa penseli nilikuwa nimelivusha kwa mstari mmoja wa haraka, na mchoraji angelivusha vilevile. Nililizungusha nje ya ukuta. Tangu siku hiyo sijamwachia mtu mwingine anichoree, na anayetaka kubishana nami aje.

Printa yetu ilitoa karatasi ndogo tu, kwa hiyo niliziunganisha kwa gundi. Jumatatu mkubwa wangu alikuja Balambala nami, nadhani ashuhudie nikiaibika. Alisoma pembeni mwa mchoro, mahali pa jina la aliyebuni na la aliyechora.

"Yote mawili ni wewe. Ikikosewa tutamwuliza nani?"

"Mimi."

Yule mama hakutaka kuona karatasi. Alipita katikati yetu, akaingia penye vigingi vipya, akakusanya jilbabu yake na kuchuchumaa pale pale mbele ya mafundi wote. Mkubwa wangu aligeuza uso upesi. Mama akatazama mbele, jua la asubuhi likimpiga usoni, kisha akatazama kushoto, upande wa kibla. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akainuka, akajipangusa vumbi.

"Mwaga," aliwaambia mafundi.