Mzazi au Mlezi

Sheria za bweni zilikuwa thelathini na moja. Zilipigwa chapa kwenye karatasi ya njano na kubandikwa nyuma ya kila mlango, ili mtu akijifungia chumbani asidhani yuko peke yake. Taa zizimwe saa nne. Kitanda kiwe kimetandikwa kabla ya saa moja asubuhi. Jiko la umeme marufuku, pasi marufuku, mgeni wa kiume asipite benchi la ukumbini, na mgeni wa kike awe ameondoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Aliyeziandika alikuwa anawafikiria wasichana wa miaka kumi na tisa wanaoonja uhuru kwa mara ya kwanza. Hakumfikiria muuguzi wa miaka arobaini na tatu, mama wa watoto watatu, ambaye mikono yake ilikuwa imepokea vichanga wa kujaza bweni zima.

Huyo ndiye aliyepewa chumba namba kumi na saba, kitanda cha dirishani. Miaka ishirini alifanya kazi kwenye zahanati moja, mpaka siku alipoambiwa kwamba bila stashahada hatapanda cheo, na kwamba ataletewa mkubwa aliyemaliza shule juzi aje kumwelekeza namna ya kushika mkasi. Basi akakubali kwenda kusoma miaka miwili. Asichouliza, na hata angeuliza kisingebadilika, ni kwamba chuo kile kilimtaka kila mwanachuo alale bweni, awe na chunusi au awe na mvi.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaoga, kwa zamu, kwenye bafu la watu kumi na wawili.

Wasichana walimbandika jina la Mama Wodi. Alitandika kitanda kama cha hospitali, shuka limebanwa pembeni usiingie hata ukucha, na akipita mlango ulio wazi jicho lilikuwa linakwenda lenyewe kwenye vitanda vya wenzake. Mwanzoni walimcheka chinichini. Kisha yule mwenzake wa chumbani, binti mmoja mwembamba mwenye kidomo, akalia wiki nzima akimlilia mama yake, na Mama Wodi akakaa naye kitandani akimpapasa mgongo mpaka kwikwi zikakoma. Habari zikaenea ghorofa nzima. Tangu hapo mwenye kichwa kinachouma, mwenye tumbo la mwezi, hata aliyeachwa na mchumba, wote waligonga kumi na saba. Ikafika mahali anaitwa Mama mara thelathini kwa siku na watu ambao hakuwazaa.

Usidhani basi kwamba alikuwa na watu. Upweke wa bweni una kelele, na hiyo ndiyo shida yake, kwa sababu hakuna anayekuonea huruma. Wasichana wakiwa wamejazana koridoni wanacheka, akitokea yeye wanajikunyata, mmoja anashusha gauni, mwingine anameza mzaha uliokuwa mdomoni. Walimpenda kwa adabu. Mezani walimwachia kiti cha pembeni, na hakuna aliyekaa karibu naye mpaka viti vingine viishe. Kila ikifika saa moja jioni, saa ambayo nyumbani alikuwa anamwogesha kitindamimba wake, mikono ilikuwa inamwasha kwa kukosa kazi. Akawa anafua leso. Alikuwa na leso nne, na zilifuliwa kila siku, chafu zisiwe chafu.

Nyumbani aliacha watoto watatu. Kifunguamimba alikuwa binti wa miaka kumi na saba, wa kati mvulana wa kumi na miwili, na kitindamimba mvulana wa miaka miwili na nusu. Mume alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho yuko mpakani. Kwa hiyo watoto walibaki na wifi yake, dada wa mume, mwanamke mpole ambaye hakujaliwa mtoto na aliyefunga duka lake la kushona ili aje kukaa nao. Wale wakubwa walielewa. Kitindamimba alikuwa amelala asubuhi ile mama yake alipoondoka, na watu wakasema heri hivyo, asije akalia. Mama Wodi alijuta baadaye kwamba hakumwamsha alie.

Kila Jumapili alasiri alipiga simu. Mwanachuo mpya haruhusiwi kulala nje miezi mitatu ya kwanza, eti azoee, na ile mitatu ilipokwisha ikaja mitihani. Mwezi wa tano tangu aondoke nyumbani, Jumapili moja, wifi akamsogezea mtoto simu sikioni na kumwambia aongee na mama.

"Mama si huyu hapa," mtoto akasema.

Wifi akacheka, kicheko cha mtu aliyeaibika, akamwambia mtoto kwa haraka kwamba yeye ni shangazi, mama ndiye yule wa kwenye simu. Mtoto akasema simu haina mtu. Mama Wodi naye akacheka, akauliza kama wamekula, akaaga vizuri. Kisha akaenda bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho, akalia kama binti wa kumi na tisa. Hakuwa na hasira na mtu. Aliogopa tu, kwa sababu kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba mtoto wa umri ule anasahau upesi kuliko kidonda kinavyofunga. Asipokwenda sasa, atakaporudi na stashahada yake atakuta mtoto ana mama mwingine.

Sheria ya kumi na mbili ilisema ruhusa ya kulala nje inaombwa kwa fomu, siku saba kabla, ikiwa na jina la mzazi au mlezi, uhusiano, na namba yake ya simu ili athibitishe. Wazazi wa Mama Wodi walikuwa kaburini. Mume alikuwa njiani, kwenye nchi ambayo simu yake haikushika. Akaandika: mimi mwenyewe.

Matroni wa bweni alikuwa na miaka thelathini na moja. Tangu siku ya kwanza wawili hawa walikuwa na tatizo la salamu. Kwa umri, matroni ndiye aliyepaswa kumwamkia mwenzake. Kwa cheo, mwanachuo husimama na kumwamkia matroni. Kila mmoja aliumeza ule mwanzo, wakawa wanarukia kwenye habari za asubuhi. Matroni akaisoma fomu, akairudisha mezani kwa kidole kimoja. Mtu hawezi kujilea mwenyewe, alisema. Ingekuwa hivyo kila mtu angejiruhusu.

Mama Wodi akachukua fomu nyingine. Alikaa nayo siku mbili. Yeye na kaka yake hawakuwa wanaongea. Wifi angefaa, lakini mkono ulikataa kuandika jina la wifi kwenye nafasi ile. Alijionea haya, ila ulikataa. Mwisho akaandika jina la kifunguamimba wake.

"Hapa kwenye uhusiano umeandika mwanangu," matroni akasema.

"Ndiyo."

"Mtoto wako ndiye mlezi wako?"

"Ndiye anayenipigia simu kuniuliza kama nimekula," Mama Wodi akajibu. "Na fomu haiulizi nani kamzaa nani."

Matroni akaisoma fomu juu mpaka chini, akaigeuza nyuma. Kweli haikuuliza. Akainua simu ya mezani, akapiga, na sauti ya kike ikaitika. Akajitambulisha kwa ukali wake wa kiofisi, akauliza kama mwenye namba anamruhusu mwanachuo wa chumba namba kumi na saba kwenda kulala nyumbani Jumamosi. Ile sauti ikasema, nzito kama ya mtu anayeweka muhuri, kwamba anaruhusu, ila mwanachuo aje na sweta, nyumbani kuna baridi, na asipitie popote.

Matroni akaweka simu chini na kuinama, kwa kuwa mdomo ulikuwa unamcheza. Aligonga muhuri. Halafu akawa mtu mzima tena, akamweleza kwamba kurudi ni Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni, na kwamba mchelewaji, kwa sheria ya kumi na tatu, hapati ruhusa nyingine mpaka mwaka uishe.

"Hata kama ni wewe," akaongeza. "Sheria ni msumeno."

Mama Wodi akasema ameelewa. Alipofika mlangoni akasikia nyuma yake, kwa sauti ndogo, ile shikamoo iliyokuwa inadaiwa miezi mitano. Akaitikia marahaba bila kugeuka, asimwaibishe.

Alifika nyumbani Jumamosi adhuhuri, baada ya saa nne za basi. Wale wakubwa walimrukia, binti akaangalia kwanza kama amekuja na sweta. Kitindamimba alikuwa amesimama nyuma ya shangazi yake, ameshika upindo wa gauni lake. Alikuwa amerefuka. Nywele zilikuwa zimenyolewa kwa mtindo ambao mama yake hakuuchagua. Shangazi akamsukuma mbele kidogo, na mtoto akatoa shikamoo safi, kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwasalimu wageni.

Mama Wodi alijua namna ya kumwendea mtoto mwoga. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini. Usimkimbilie. Kaa chini uwe mfupi kuliko yeye. Usimtazame usoni, muonyeshe viganja vitupu, ongea na kitu kingine. Akakaa sakafuni, akaanza kuongea na kiatu. Baada ya nusu saa mtoto akaachia gauni la shangazi, akasogea hatua moja, akasogea nyingine, akasimama mbele yake.

"Huna sindano?" akauliza.

"Sina."

Mtoto akafikiri. Kisha akapandisha shati lake mpaka kidevuni, akatoa tumbo, akangoja kupimwa.

Hakuna aliyecheka. Mama Wodi akaweka kiganja juu ya lile tumbo lililotoka tumboni mwake, akaligonga kwa vidole viwili kama daktari, akasema mgonjwa ni mzima. Mtoto akashusha shati, akaenda zake kucheza. Jioni ile alimwogesha, na mtoto alikubali, lakini macho yalikuwa mlangoni. Usiku alilala na shangazi yake, mlango wa pili. Wifi alikuwa amejaribu kumpeleka kwa mama yake. Alikuja mpaka kizingitini amembeba, mtoto akaanza kulia, na wanawake wawili wakatazamana juu ya kichwa chake.

"Nisamehe," wifi akasema.

"Kosa lako nini? Kuzaa si kazi, wifi, kazi kulea." Alilisema kwa wema kabisa, na likamchoma yeye mwenyewe.

Jumapili mambo yakaanza kulainika. Mtoto alikula uji kwenye kikombe cha mama yake. Alimletea gurudumu la gari lake bovu amtengenezee, na likatengenezeka kwa kijiti. Wifi, mwenye akili, akajitia kazi nyingi jikoni, asionekane. Na ilipofika saa sita, huku jua linaingia sebuleni na lile gari liko mkononi, mtoto akapanda mapajani mwa Mama Wodi bila kuitwa, akalaza kichwa kifuani, akasinzia.

Basi lilikuwa linaondoka saa saba. Saa sita u nusu binti yake akaja na mfuko umefungwa, akasimama, akaona. Mama Wodi akatikisa kichwa. Binti akanong'ona kwamba basi la pili litamfikisha bweni saa mbili, na kwamba yeye kama mlezi alitoa neno lake kwenye simu. Mama Wodi akajibu kwa midomo tu kwamba anajua.

Alijua yote. Alijua sheria ya kumi na tatu kwa moyo, na alijua kwamba akichelewa leo hataonana na mtoto huyu mpaka mwaka uishe. Lakini alijiambia hivi: mara ya kwanza nilimwacha amelala, ndiyo maana akanipoteza. Safari hii ataamka anikute. Atafungua macho, atauona uso huu ukiwa karibu, na kitu fulani ndani yake kitakumbuka. Mapaja yalikuwa yanakufa ganzi, na hakuyasogeza. Saa saba ikapita. Alimnusa utosini. Alihesabu kope zake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie chumba namba kumi na saba, hakuwa mpweke.

Mtoto aliamka saa nane kasorobo. Alifungua macho taratibu, akaangalia dari, kisha akauangalia ule uso uliokuwa umemwinamia. Aliuangalia kwa muda mrefu, bila woga, kwa uangalifu mkubwa. Ndipo mdomo wa mtoto ukaanza kupinda.

"Namtaka mama," akasema.

Jikoni sufuria ilikuwa inasuguliwa. Mama Wodi akamkalisha wima, akamfuta jasho la usingizi shingoni, akamtengeneza kola. Akahakikisha sauti imetulia kabla hajaitumia, kama afanyavyo kwa wagonjwa.

"Usilie, baba," akamwambia. "Mama yuko jikoni. Nenda."