Jina la Mbuzi wa Zambarau

Mbuzi huyo ni wa zambarau, amevaa kofia ya sufi, na kila asubuhi anaongea kwenye televisheni Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Ni kikaragosi tu, kitambaa ambacho mtu anakivaa mkononi kama glavu akakisemesha. Lakini mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa akimpenda kuliko sisi sote nyumbani, na mimi nilikubali kushindwa na mbuzi kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Mimi ni fundi wa kutarizi. Nilitoka Pemba na madarasa matatu ya skuli pamoja na chuo cha Kurani, nikafagia ofisi za watu London mpaka nikanunua mashine yangu ya kwanza, na leo nina duka langu Walthamstow, mtaa wa nyuma ya soko. Natarizi sare za skuli, makoti ya wapishi, nguo za wanaotunza wazee. Kiswahili nasoma, polepole lakini nafika. Kiingereza nakiongea, hakuna wa kuniuza. Kukisoma ndiko kulikonishinda, maana wenyewe wanaandika kimoja wanatamka kingine, na mimi nilikuwa na kazi za kufanya.

Kwa hiyo duka langu lina sheria moja. Mteja anaandika maneno yake kwenye karatasi kwa herufi kubwa, anatia saini chini, na mimi nanakili. Sisomi, natazama. Herufi nazijua, ila kwenye neno la Kiingereza kwangu ni umbo tu, kama maua ya kofia: hili lina tumbo, hili lina mkia, hili limesimama limenyoosha mikono. Nikimaliza nahesabu maumbo ya kwenye karatasi, kisha ya kwenye nguo. Watu wenye digrii zao wameniletea karatasi zenye makosa, nikayatarizi makosa yao vizuri sana, na hakuna aliyerudi kunilaumu. Saini ni yake.

Jambo moja tu nilikuwa namficha mjukuu wangu. Tangu ana miaka mitatu nilikuwa namsomea vitabu vya mbuzi huyo, na sikuwa nasoma hata neno. Nafungua ukurasa, natazama picha, natunga, halafu nasema nimemtafsiria kwa Kiswahili. Mbuzi akagombana na mwenye nyumba kwa sababu ya ukungu wa ukutani. Mbuzi akaenda kununua pweza, akauziwa aliyechacha, akamrudisha na kelele juu. Mtoto anacheka mpaka anakohoa. Kisha akaanza skuli. Akaanza kusoma vibao vya mabasi, vibandiko vya maziwa, kila kitu, na mimi nikaanza kuona siku yangu inakuja. Kwa mtoto yule mimi nilikuwa mtu anayejua yote. Kuja kuonekana mwongo mbele yake kulinikosesha raha kuliko mashine kukwama katikati ya oda.

Alipokaribia kutimiza miaka sita akaja dukani na koti lake jipya.

"Babu, nitarizie jina lake mgongoni."

Alisema kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, ila anakifumbata mdomoni kama peremende asiyotaka kugawa.

"Sheria ya duka?" nikamuuliza.

"Karatasi na saini. Lakini wewe si unalijua? Unalisoma kila siku."

Nikajifanya natafuta mkasi. "Mteja ni mteja. Lete kitu cha kunakili."

Hakuleta karatasi. Alileta kitabu, boksi la mchezo, na mbuzi mwenyewe wa kuchezea aliyefungwa lebo mguuni. Vyote vitatu vya kampuni ile ile, vina muhuri wa televisheni ile ile. Nikavipanga juu ya meza nikaanza kuhesabu maumbo. Kwenye kitabu, katikati ya jina, duara mbili zimeshikana. Kwenye boksi, duara moja peke yake. Kwenye lebo, duara mbili, lakini zimetenganishwa na kijistari. Nikahesabu tena. Nikasafisha miwani nikahesabu mara ya tatu.

Nikampigia simu binti yangu. Yeye anafanya kazi ofisi ya baraza la mtaa. Kazi yake ni kusoma fomu za watu na kuwarudishia kwa sababu wamekosea kujaza. Akaja akatupa jicho moja.

"Baba, ni jina lile lile."

"Silo. Hesabu."

"Yanatamkwa sawasawa."

"Mimi sitarizi matamshi."

Akainama. Akahesabu kwa kidole. "Miaka yote hii nanunua vitu hivi," akasema, "sijawahi kuona."

"Kwa sababu wewe unasoma. Anayesoma hatazami."

Hilo lilimchoma, nikafurahi. Akawaandikia imeili wenye televisheni kuwauliza jina rasmi ni lipi. Wakajibu kwa adabu nyingi kwamba kampuni inajali sana usahihi wa jina hilo. Binti yangu akanionyesha jibu kwenye simu. Juu, mwanzo wa barua, duara mbili. Chini, kwenye saini yao wenyewe, duara moja na kijistari, umbo la nne ambalo hata sisi hatukuwa nalo.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa chini na koti lake mapajani. Akaniuliza, "Kwani ukinisomea, babu, huwa unakuta lipi?"

Binti yangu akageuka kunitazama. Yeye siri yangu anaijua.

"Tutamuuliza mwenyewe," nikasema.

Sikuwa na maana yoyote, nilitaka kutoka pale tu. Lakini mtoto akashika neno, na mama yake akatafuta, na kumbe mbuzi alikuwa anakuja Thamesmead Jumamosi, kwenye ukumbi, kuwaonyesha watoto michezo na kuwasalimia. Treni mbili na basi. Njia nzima binti yangu ananiambia, "Baba, usitutie aibu," na mimi mfukoni nina karatasi ya oda na kalamu.

Baada ya michezo watoto wakapangwa foleni. Mbuzi alikaa juu ya meza iliyofunikwa kitambaa hadi chini, na nyuma ya kitambaa nikawa naona utosi wa mtu. Dada mwenye fulana ya ukumbi akanizuia. "Mzee, foleni hii ni ya watoto."

"Mimi niko kazini," nikamwambia, akaniacha.

Tulipofika mbele nikamsogezea mbuzi karatasi. "Mimi ni fundi. Andika jina lako hapa kwa herufi kubwa, tia saini chini."

Mbuzi akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Mtu wa chini akakohoa.

"Mimi ni mbuzi," akasema mbuzi. "Sijui kuandika. Babu niandikie wewe."

Watoto wakacheka. Akaniwekea kalamu mbele kwa kwato zake za kitambaa, na mjukuu wangu yupo kando yangu, ananitazama. Nikaishika kalamu. Nimetarizi maelfu ya maneno ya Kiingereza, na pale sikuwa na hata moja.

Mjukuu wangu akamvuta mbuzi sikio akamnong'oneza, kwa ile minong'ono ya watoto inayofika mpaka mlangoni.

"Yeye hajui kusoma Kiingereza. Anatazama picha. Usimwambie kama mimi najua."

Foleni nzima ikasikia. Binti yangu akatazama dari.

"Tangu lini unajua?" nikamuuliza.

Akaona aibu yeye badala yangu. "Tangu nilipotimiza miaka mitano. Kwenye kitabu hakuna pweza."

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha."

Basi nikabaki nimeshika kalamu kama sindano isiyo na uzi, jambo ambalo binti yangu bado anawahadithia watu. Kisha sauti nyingine, nzito, ya mwanamume aliyechoka, ikatoka chini ya meza: "Mzee, na sisi kazini tunagombana kila siku juu ya jina hilo. Andikeni mnavyopenda."

Mjukuu wangu akanichukulia kalamu mkononi. "Koti ni langu, mteja ni mimi." Akaandika kwa herufi kubwa, ulimi nje, duara tatu zimepangana kama mayai, kisha akatia saini yake chini. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Oda imekamilika, na itatariziwa hivyo hivyo.

Kwenye treni alifungua kitabu kile akasema leo atanisomea yeye, kama kilivyo. Nikakaa vizuri. Mbuzi amepoteza soksi. Mbuzi anatafuta soksi chini ya kitanda. Mbuzi anatafuta soksi bustanini. Mbuzi amepata soksi. Kwisha.

"Ndiyo hivyo tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo hivyo tu."

"Soksi ilikuwa ya nani? Nani aliitupa bustanini?"

"Hawasemi, babu." Akaniwekea kitabu mapajani akakifungua ukurasa wa kwanza. "Sasa soma wewe."