Tambi za Njano Nilizomlisha Yaya

Mkichapa barua hii, jina langu lisionekane, hata mtaa wetu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, hapa Likasi. Kusema mbele ya watu kunanishinda, ndiyo maana ninaandika.

Tangu maduka yaporwe, spageti haionekani. Kwenye foyer ya parokia, nyumba wanamofundisha mapishi na ushonaji, kuna ma sœur mmoja, mtawa mzaliwa wa Vietnam, anayetufundisha tambi za kwao. Za mchele unamimina uji mwepesi juu ya kitambaa kilichofungwa kwenye sufuria ya mvuke, kisha unakata. Ni nyeupe, zinateleza. Za muhogo ni nene, zinanata. Za mayai unakanda na unga wa ngano, unasukuma kwa chupa. Ni za njano, zinakaza kidogo mdomoni.

Yaya wangu, dada yangu mkubwa aliyenilea, alikuwa na mimba, akitapika kila chakula. Tambi zangu za mchele tu ndizo zilizokaa tumboni. Mchele ukaisha. Tulibaki na unga wa ngano, na kuku wetu walikuwa wanataga. Lakini kwetu mwenye mimba haonji yai, mtoto asije akazaliwa kipara. Nilimwona anavyokonda. Nikavunja mayai.

"Juu ya nini leo ziko jaune?" Yaya akauliza, akiitazama ile njano.

"Nilitiamo curcuma, Yaya," nikamjibu, nikiisingizia bizari ya manjano.

Akala, akalamba sahani. Akala hivyo mpaka mwezi wa kuzaa.

Mtoto amezaliwa na kichwa kinachong'aa kama sahani. Mama mkwe wa Yaya alifungua kitambaa, akakifunga tena.

"Weye ulikula mayai. Jina ya mama yangu siwezi kumupa huyu."

Yaya akaapa kwa Bikira Maria huku analia. Mimi nilikuwa pale, nimeshika beseni. Nikatoka kwenda kumwaga maji. Tangu siku ile shemeji haongei na mke wake.

Mwalimu wa biolojia anasema nywele zitaota tu, yai halina kosa. Nimeyaandika kwa Kifaransa kwenye cahier ya shule, halafu ninakwenda kuchungulia kichwa kile mara kumi kwa siku. Siwezi kukaa. Ninafagia palipofagiwa.

Juzi Yaya akamwambia mama mkwe aje kabla ya ubatizo: "Kuya mbele ya batème. Mudogo wangu atapika byenye nilikuwa nakula, utaona na macho yako." Akanigeukia akicheka: "Huyu hasemake mingi, lakini bongo haijue." Yaani uongo siujui.

Sasa nimepata mchele kidogo. Nikiutia curcuma kweli, mama mkwe ataona njano bila yai, Yaya atapona aibu. Lakini Yaya atazitia mdomoni, na ulimi wake utajua kwamba hizi zinateleza, si zile. Atanitazama. Nitaangalia wapi?

Ubatizo unakaribia na kuku wanaendelea kutaga. Ninyi mliolelewa na dada zenu, nishaurini: nimwokoe Yaya kwa uongo wa pili, au nivunje yai mbele ya wote?