Kamusi Iko kwa Mwandishi

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi kupitia kundi moja la simu ambalo kazi yake kubwa ni kutakiana siku njema na kutumiana picha za maua. Sikuziamini. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba mimi siamini kitu mara ya kwanza, na mara ya pili huamini nusu. Siku hizi simu imeshawazika watu wengi ambao jioni tunawakuta sokoni wakichagua nyanya, kwa hiyo nilipoona picha yake na maneno ya kumwombea pumziko nilijiambia, hawa nao wameanza. Nikampigia jirani yake wa Nyasho. Kabla sijauliza lolote nikasikia nyuma yake viti vya plastiki vikiburutwa na kwaya ya kanisa ikitafuta sauti. Mkutubi wetu wa zamani, aliyekaa kwenye kaunta ya maktaba ya umma miaka mingi kuliko baadhi ya rafu zake, alikuwa amefariki kweli, na baada ya siku mbili angepelekwa kuzikwa kijijini kwao, upande wa Butiama.

Hakuwa rafiki yangu, na heri niseme mapema kabla hajatokea mtu wa kunisema. Tulifahamiana kwa sababu ya kamusi. Zamani, nilipoanza kuandika safu hii, nilikwenda maktaba kuomba niondoke na ile kamusi kubwa ya jalada la bluu. Kamusi haiazimwi. Ina muhuri mwekundu unaosema isomwe humo humo. Nikamweleza kwamba naandikia nyumbani na kila nikikwama nalazimika kukimbia mjini kutafuta maana ya neno moja. Akasema, “Wewe kazi yako ni maneno. Fundi humnyimi nyundo. Chukua, ila nikikuuliza usinikimbie.” Akaandika kwenye daftari lake jina langu na la kamusi. Nikaahidi wiki mbili, na wiki mbili hizo zikazaa miaka.

Kisha maktabani vikaja vitu vipya, na siku ya uzinduzi wengi wenu mlikuwapo. Vitabu vipya vyenye harufu ya gundi, vishikwambi vilivyofungwa mezani kwa minyororo midogo, intaneti ya bure, na maktaba nzima ya vitabu vya kielektroniki ambayo, tuliambiwa, mvuvi anaweza kuifungua akiwa ndani ya mtumbwi. Palikuwa na hema, utepe, soda, na mgeni rasmi aliyechelewa. Nilikaa viti vya nyuma nikivishuku vyote. Kitu cha bure chenye mnyororo hunitia mashaka, na kitabu kinachojua nimefika ukurasa wa ngapi hunitia mashaka zaidi. Nisiwe mwongo, faida ilikuwapo, maana kufikia mwezi wa pili wanafunzi walikuwa wanagombania nafasi kwenye zile meza. Lakini vitabu vipya havikai hewani. Ili vipate rafu, vya zamani vilivyochakaa vilikaguliwa, vikafutwa kwenye orodha kwa utaratibu unaokubalika, vikawekwa stoo kumsubiri mnunuzi wa karatasi chakavu.

Nami nikajaribu. Niliazima riwaya ya upelelezi kwenye simu yangu, nikawa naisoma kidogo kidogo kama mtu anayebania asali. Siku ya kumi na nne, zikiwa zimebaki sura mbili nimjue muuaji, kitabu kikatoweka. Pale kilipokuwa palibaki maneno kwamba muda wangu umekwisha. Nikamwendea mkutubi nimefura, nikamwambia kitabu chao kimeondoka na muuaji wangu. Alicheka mpaka akavua miwani. “Hakijaibwa, mwandishi. Kimejirudisha chenyewe.” Nikamwuliza, bila hata kuniuliza? “Chenyewe hakiulizagi,” akasema. “Siku zikiisha kinaenda zake.” Akavuta droo, akatoa lile daftari la jalada gumu, akalipiga kofi la upole. “Mimi mtu akichelewesha, naandikaga hapa: bado anasoma. Labda mtoto aliugua, labda mwenyewe anasoma polepole. Sasa hiyo mashine haina mahali pa kuandika hivyo.”

Nilicheka naye, lakini nilipofika nje kicheko kikaisha na shaka ikaanza. Bado anasoma. Nikajiuliza ni vitabu vingapi vya umma vimeondokea kwenye mlango wa maneno hayo mawili, na ni nani anayekagua daftari ambalo linakaa kwenye droo ya mtu mmoja. Ile kamusi ya jalada la bluu, niliyokuwa nimeiacha mezani kwangu asubuhi hiyo, wala haikunijia akilini.

Baada ya hapo yalitokea mambo mawili. Kwanza, nilikuwa stendi ya Bunda nikirudi Musoma, nikanunua karanga, na nilipozimaliza nikaona kikaratasi chake kimetoka kitabuni na pembeni kina nusu ya muhuri wa maktaba yetu. Pili, juma lililofuata nilimwona mkutubi kwenye soko la Mwigobero, amepakia katoni nyuma ya baiskeli na kuifunika kwa kiroba. Alisimama kwa mama mmoja muuza dagaa, akachomoa kitu chini ya kiroba, akampa. Yule mama akakisukumia haraka ndani ya kanga yake, akaendelea kupima dagaa kana kwamba hakuna lililotokea. Nikajumlisha moja na moja, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikapata tano.

Nikaandika. Baadhi yenu mnaikumbuka safu ile, maana mlinipongeza. Sikumtaja jina. Neno mwizi niliona lina mawakili ndani yake, kwa hiyo nikaivuta kamusi, ileile, nikapekua hadi nikapata neno lililonifurahisha: mchopozi. Niliandika kwamba maktaba yetu ina mchopozi wa vitabu, mzee wa daftari na baiskeli, na nikafunga kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mji wetu jina lilikuwa la nini tena? Akaitwa kujieleza. Akasema mkuu wake wa awali alimruhusu achukue katika vile vilivyofutwa kabla mnunuzi hajafika. Mkuu huyo alikuwa amehamishwa mkoa, na ruhusa ilikuwa ya mdomo. Hawakumfukuza, walimwambia tu apumzike, akapumzika. Nilipoletewa habari hizo nilisema lisemwalo lipo, nikaendelea na chai yangu.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, tena palepale Mwigobero. Nilitaka kupita upande wa pili lakini macho yetu yalishagongana, nikamwamkia. “Marahaba, mwandishi,” akasema. “Kamusi vipi, bado unasoma?” Damu ikanichemka. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba ananitisha, ananikumbusha kuwa jina langu liko kwenye daftari lake. Nikamjibu kwa ukavu kwamba kamusi haimalizwi. “Kweli,” akasema, “haimalizwi.” Akakokota baiskeli yake akaenda, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu ya mwisho.

Sasa nieleze kilichonipeleka msibani na kamusi mfukoni, maana haikuwa toba. Ilikuwa hofu. Nilijua nyumba ya msiba hupekuliwa, na nilihofu watoto wake watalifungua lile daftari na kulikuta jina la yule aliyemwandika baba yao mchopozi. Niliifunga kamusi kwenye gazeti, nikaitia kwenye mfuko pamoja na sukari, nikawaza nitaiacha kwenye kona fulani kimyakimya. Nilipofika Nyasho nikakuta watu wanaingia na unga, mkaa, mchele, kama kawaida. Lakini wengine walikuwa na vitabu mkononi. Nilihesabu kimoja nikasema ni Biblia. Cha pili hakikuwa Biblia. Ukutani, nje ya mlango, palikuwa na rundo lililofika magotini, vitabu vichakavu vilivyoshonwa upya migongo kwa uzi wa nyavu, na kila aliyefika aliongeza chake.

Yule mama wa dagaa alikuwapo. Nikaenda kukaa karibu naye, nikamwuliza kwa nini siku ile alikificha kitabu ndani ya kanga. Alinishangaa. “Si kuficha, baba. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya dagaa. Alikuwaga mkali, kitabu kisishike mafuta. Mimi kusoma nimejulia ukubwani, kwa vitabu vyake hivyo.” Pembeni yake alikaa fundi mmoja aliyetoka Manyamanyama, kwenye mapaja ana kitabu cha injini za boti. Yeye alikuwa amepitia maktaba kwanza kukirudisha. “Wameangalia kwenye kompyuta, wakaniambia hiki kitabu hakipo,” alisema. “Nimekishika hivi, nawaonyesha, wanasema hakipo.” Hakulaumu mtu. Vilikuwa vimefutwa kweli. Vile ambavyo mzee aliwahi kuvitoa stoo ndivyo vilivyokuwa pale ukutani, na katika vile alivyochelewa kuvitoa, kimoja kilifungia karanga zangu.

Nilipoingia ndani kumpa pole mjane, sikuwa na kona ya kuachia kitu. Alikuwa amekaa mkekani na binti zake, nami nikaitoa kamusi kwenye gazeti nikaiweka mbele yake, nikamwambia, “Mama, hii ni ya mzee.” Aliitambua kabla sijamaliza. Akaagiza daftari liletwe. Nilishuku kwamba yalikuwa yamepangwa, kwamba sasa nitasomwa mbele ya watu. Akanipa nijisomee mwenyewe. Jina langu lilikuwa ukurasa wa mbele kabisa, na chini yake, wiki mbili kwa wiki mbili, kisha mwezi kwa mwezi, kisha mwaka kwa mwaka, kwa mwandiko uleule wa kulala: bado anasoma. Bado anasoma. Mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe niliyoijua, kwa kuwa ndiyo tarehe ya gazeti lililobeba safu ile.

“Siku hiyo alikuja na gazeti lako na hilo daftari,” mjane akasema. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. “Tulisoma wote. Mimi Kiswahili changu ni cha kununulia chumvi tu. Nikamwuliza, hili neno mchopozi ndiyo nini? Akasema, kamusi iko kwa mwandishi, akirudisha tutaangalia. Akachukua hilo daftari akaandika.” Akaisukuma kamusi kwenye magoti yangu. “Sasa imerudi. Hebu niangalizie.”

Sijawahi kutafuta neno kwa muda mrefu namna ile, na nililijua lilipo. Nikamsomea kwa sauti ndogo. Nikamwambia mchopozi anatokana na kuchopoa, na kuchopoa kuna maana mbili. Ya kwanza ni kuchukua kitu cha mtu kwa siri. Ya pili ni kukitoa kitu kwa haraka mahali kilipobanwa, kama mtu anavyochopoa kitu kisiungue. Akautazama mlango ambako watu walikuwa bado wanaingia na vitabu.

“Wewe uliandika ipi?” akaniuliza.

“Ya kwanza, mama.”

“Haya,” akasema. “Andika basi kwamba umerudisha.” Binti yake mmoja akanipa kalamu. Nikaandika kwenye daftari la mzee, chini ya mwandiko wake, neno moja, amerudisha, nikalikosea na kulirudia. Kisha nikanywa chai niliyopewa, kwa sababu kuikataa kungekuwa kosa jingine.

Wasomaji wangu, bado nashuku. Navishuku vishikwambi vyenye minyororo, nakishuku cha bure, naishuku kompyuta inayomwambia mtu kwamba kitabu alichokishika hakipo. Sitaki kuacha kushuku, ndiyo kazi mnayonipa. Lakini kushuku ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwenda kumwuliza mtu, na mimi mtu wangu alikuwa nyuma ya kaunta, hatua kumi kutoka mlangoni, na miaka yote alishanionyesha kwamba akiulizwa hujibu. Nilikilalamikia kitabu cha simu kwa kuondoka bila kuniuliza, kumbe mimi nilimfungia mzee wa watu namna ileile, zikiwa zimebaki sura nisizozijua. Yeye alisoma niliyomwandika, akaniandika vizuri. Siku nitakayomshuku mwingine, na sidhani iko mbali, kabla sijatafuta neno la kumwitia nitaanza kwa kuandika pembeni: bado namsoma.